Vile Ya Meno ilikufa mikononi mwetu

Ninyi vijana munaotaka kuuza simu, mukae chini. Miye niko nimekaa tayari. Magoti yangu haiombi tena ruhusa. Munakuja hapa kwangu, commune Tshopo, munasalimia vizuri sawa wajukuu, "Koko, mbote," munakula makemba yangu, ndizi za kupika, kisha munaniuliza: ile simu yenye wazazi wenu wote walikuwaka nayo, Ya Meno, ilipotelea wapi? Na mbele nifungue kinywa munajijibu wenyewe: "Écran ya kugusa, ile kioo, ndiyo iliiua." Bon. Munanieleza kifo cha maiti yenye miye mwenyewe nilimuosha.

Nimechoka kurudilia hii habari kwa mumoja mumoja. Naiandika mara moya, mutapitishiana, na mutaniacha nilale.

Sikusoma mingi. Nilifika mwaka wa ine ya primaire, papa akasema mutoto mwanamuke inamutosha. Lakini niliuza simu kwenye soko ya Makiso miaka mingi kuliko miaka ya mukubwa wenu, na kwa ile meza nikasomesha watoto tano. Mumoja iko infirmière wa hospitali. Wajukuu wawili wako université, na mumoja kati yao anatengeneza ordinateur, ao kompyuta, ya watu. Hiyo muiweke mbele, maneno ingine ifuate nyuma.

Kampuni ilikuwa na jina yake ya ng'ambo, lakini hapa hakuna mutu aliitamka. Tulisema Ya Meno, kwa ajili ya vile vitufe vidogo vilivyopangwa chini ya kioo sawa meno ya mutoto. Haikuwa simu ya bure bure. Iliingia internet, ilituma message, ilipiga picha. Mutu akiitoa mufukoni na kuiweka juu ya meza ya terrasse ya pombe, serveuse alikuja mbio mbele hajaitwa.

Na ilikuwa nzuri, musinicheke. Munajua vile barrage yetu ya umeme inafanyaka: leo courant iko, kesho commune nzima inalala giza. Ya Meno ilikaa siku mbili bila kuchomekwa. Ikiisha, unafungua mugongo, unatoa batri, unaweka ingine. Wavuvi wa Wagenia waliipenda kuliko watu wote. Walikuwa wanaifunga ndani ya sachet, wanakaza na kipande cha chambre à air, mupira wa ndani wa gurudumu, na mutu mwenye vidole vimelowana maji ya maporomoko alikuwa anabonyeza meno palepale juu ya plastiki, anaita muke yake kwenye ng'ambo ya muto aandae chungu.

Ile kazi ilikuwa na ujuzi yake. Batri yenye mutu anakuletea, usimuulize kama iko mzima. Iweke juu ya meza, uizungushe na kidole. Ikizunguka sawa pia ya kuchezea, imevimba tumbo, usiinunue. Meno ikijaa mafuta ya ngazi, mawese, chukua brosse na kidogo ya lotoko, ile pombe kali. Lakini lotoko uishike wewe, usimupe mwenye simu, juu haitarudi. Na simu ikianguka majini, usiwe na haraka. Miye mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka. Muvuvi mumoja akaniletea simu yenye imekunywa maji, nikaiweka karibu na mbabula yenye makala ya moto, nikaanza kupiga masolo na jirani. Kugeuka, meno yote imeyeyuka. Nikamurudishia kibogoyo. Yule papa akaiangalia, akaniambia: "Mama, uliiponya ao uliipika?" Nilimupatia ingine, na miaka yote iliyofuata aliniletea ndugu zake. Hivyo ndivyo wateja walikuja.

Kwenye meza yangu kulikuwa na desturi moya, niliianzisha miye, kisha couloir yote ya soko ikaifuata. Mutu akinunua simu, haondoki mbele hajaita. Na simu ya kwanza ni kwa mama yake. Mama akikufa, basi kwa yule alimulea. Anaita pale pale mbele yetu, tunanyamaza, tunasikia mama anapiga kelele ya furaha kule, sisi tunapiga mikono. Watu walipita kwingine kwenye bei ndogo, wakaja kwangu kwa ajili ya ile saa. Mutakuja kuona vile ile desturi nzuri ndiyo iliniaibisha.

Sasa niwaonyeshe Sifa. Sifa iko muke wa mutoto yangu Saidi, kwa hiyo iko bokilo yangu, mukwe. Nilimukamata kwenye meza akiwa bado musichana wa mugongo mwembamba, nikamufundisha kila kitu: kuzungusha batri, kusoma uso wa muteja, kukataa bila kutukana. Alinipita haraka. Saidi alikuwa na kazi ya kubahatisha tu kwenye port ya muto, donc ile meza ndiyo ilikuwa sufuria ya nyumba nzima. Nilitaka vitu mbili tu kwenye hii dunia: meza ibaki, na Sifa abaki kwenye meza. Kila kitu nilifanya kilikuwa cha kulinda hizo mbili. Na kila kitu nilifanya kiliziharibu.

Juu ninyi vijana wa leo munajibuzana na wakubwa sawa munapiga ping-pong. Kwetu bokilo hamujibu mama-mukwe mbele ya watu. Anaweza kujua, anaweza kuwa na haki, lakini mbele ya watu anashusha macho. Sifa alikuwa amelelewa vizuri. Ndiyo balaa yenyewe.

Siku moya akaja Maître, mwalimu wa primaire wa hapa Tshopo, amekusanya feza muda murefu, amevaa shati ya mikono mirefu sawa mutu anayeenda kuoa. Akachagua Ya Meno mupya. Bon, tukamuambia: ita mama. Mama yake iko Isangi, mbali, kule muto unashukia. Na Isangi kule, réseau, mutandao, ya puce yake haifiki. Puce ni ile kadi ndogo ya ndani, munajua. Réseau ingine ndiyo inafika. Maître alikuwa nayo hiyo ya pili, ameifunga kwenye pembe ya kitambaa cha mouchoir.

Ya Meno ilikula puce moya tu. Donc: fungua mugongo. Toa batri. Toa puce. Weka ya pili. Rudisha batri. Funga. Washa. Na Ya Meno ikiwaka ilikuwa inaonyesha ile saa ndogo, inageuka, inageuka. Couloir yote imenyamaza inangojea mama wa Isangi. Saa inageuka. Mutoto akalia. Mama Henriette, muuza chikwangue, mikate ya muhogo, wa mbele yangu, mwanamuke mwenye ulimi haujalala hata siku moya, akasema: "Maître, mama yako atakuwa amezeeka zaidi."

Watu wakacheka. Maître akatokwa jasho. Na kwenye meza ya pili kijana mumoja akainua simu ya bei ya chini, simu ya plastiki kutoka China yenye puce mbili ndani, akasema: "Maître, unipatie numéro." Akaita. Mara moya. Mama wa Isangi akapiga kelele yake ya furaha kwenye simu ya mutu mwingine.

Nilikasirika. Nikasema kwa sauti: "Simu ya puce mbili ni mwanamuke wa mabwana wawili! Haina heshima!"

Watu wakacheka tena, nikafikiri nimeshinda. Mama Henriette akaendelea kufunga chikwangue yake, hakuinua hata kichwa. "Mama Riziki," akasema, "na bwana moya akikosa réseau, utalala na nani?"

Maître alibaki na Ya Meno, kwa haya tu. Hakurudi tena kwangu. Sifa aliona yote, akashusha macho.

Jioni Saidi akanikuta nikichagua pondu, majani ya muhogo. Akazunguka, akakohoa, akasema: "Mama, watu wanasema tungeweka na simu za puce mbili. Kidogo tu. Kwenye pembe ya meza."

"Watu gani?"

"Watu."

"Muambie muke wako," nikasema, "kinywa anacho. Na wewe, mwanaume muzima, unatawaliwa mupaka kwenye maneno?" Akatoka. Nilijua vizuri maneno ilitoka wapi. Nilichagua kukasirikia njia yenye ilipitia, ili nisiyajibu maneno yenyewe. Huo ujanja muukumbuke. Siku moya mutaufanya, na mutajiona wenye akili.

Kisha Directeur wa kampuni akaja. Jina yake naiacha. Sisi wote tulisema Directeur, naye hakukataa. Alitoka Kinshasa na ndege, akatukusanya wauzaji wote wa Ya Meno kwenye salle ya hoteli moya ya Makiso. Kulikuwa climatiseur, mashine ya baridi, mupaka meno inagongana, jus baridi, beignets za nyama. Akatupatia kila mutu parasol, mwavuli wa meza, ya rangi ya kampuni. Yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, juu niliuza kuliko wote, na akaniita mbele ya watu "Maman Présidente". Munaona vile wanafunga mutu? Hawatumii kamba. Wanatumia parasol.

Akatoa bic, akafungua cahier. "Maman Présidente, wewe iko na wateja kila siku. Wanasema nini? Unambie ukweli. Nitaandika, nitapeleka juu."

Sifa alikuwa amekaa nyuma yangu. Nikasikia anavuta liputa yangu, kitambaa kiunoni. Mara moya. Halafu tena, na nguvu. Alikuwa hawezi kusema, basi alisema na mukono. Nilielewa sawa vile ninyi munaelewa kengele ya masomo: mama, puce mbili, sema, anaandika!

Nikapitisha mukono nyuma, nikamupiga kwenye vidole. Nikasimama.

"Directeur," nikasema, "watu wanaipenda sawa vile iko. Musiguse kitu." Na nikamupigia hadithi ya wavuvi, sachet, chambre à air, vidole vya maji. Salle yote ikapiga mikono. Directeur alicheka mupaka akafuta macho, na akaandika. Niliona vizuri anaandika.

Watoto, sikusema uongo. Wavuvi walikuwa kweli, sachet ilikuwa kweli. Lakini wavuvi walikuwa wangapi kwenye hii mji, na watu wenye mama yao iko mbali walikuwa wangapi? Nilichukua ukweli mudogo wenye kunipendeza, nikafunika nao ule ukweli mukubwa. Toka pale hadi leo, nikikumbuka vile vidole vya Sifa, mukono wangu ndio unauma.

Kilichofuata munakijua nusu. Simu za puce mbili zikajaa mupaka kwenye vibanda vya Kapalata, kule pembeni ya mji. Zikapata picha nzuri. Ngozi yetu ndani yake ilionekana ngozi, kumbe Ya Meno jioni ilikuwa inakupiga picha unatoka macho na meno peke yake. Kisha habari ya message. Ya Meno ilikuwa na message yake ya bure, lakini Ya Meno kwa Ya Meno tu. Mwanzo ilikuwa heshima, sawa chumba chenye wakubwa wanajifungia. Kisha chorale, famille, quartier, wote wakaingia kwenye ile message yenye inakubali simu zote. Wenye Ya Meno wakabaki ndani ya chumba chao na heshima yao. Nilikuwa na muteja, papa wa bureau, mutu wa tai; alisikia matanga ya shangazi yake siku ya tatu, wamekwisha kuzika. Alikuja kuninunia sawa miye ndiye niliua shangazi.

Meza yangu ikaanza kuwa na nafasi. Mutu akipita, anaangalia parasol, anaendelea.

Siku moya ya dimanche, baada ya misa, Sifa na Saidi wakaja pamoja, wamevaa vizuri. Sifa akapiga magoti. "Mama, naomba ruhusa nifungue meza yangu."

"Ya kuuza nini?"

"Ya puce mbili, mama."

Sikumujibu yeye. Nikamugeukia Saidi. "Muke yako ananikimbia, na wewe unaangalia?"

Saidi mutoto yangu si mutu wa maneno. Lakini ile siku alisema, na alisema polepole. "Mama, hakukimbii. Alikuambia kwa kinywa changu, ukasema natawaliwa. Akakuambia na mukono kule hoteli, ukamupiga. Sasa anakuambia na miguu."

Nikamupatia ruhusa. Nilisema "nendeni" sawa mutu anayefukuza kuku. Sifa akafungua meza couloir ile ile, hatua makumi mawili toka kwangu, juu ndipo nafasi ilikuwa. Kila asubuhi alikuja kunisalimia na magoti, kisha akaenda kunichukulia wateja. Na heshima yote. Hakuna kitu kinachochosha roho sawa kushindwa na mutu mwenye heshima.

Mwishoni kampuni nayo ikaamuka. Na munajua waligusa nini? Walituma Ya Meno mupya bila meno. Nyembamba, kioo tupu, batri imefungiwa ndani haitoki tena, na puce bado moya. Walisikia kelele kutoka mbali, wakafikiri watu wanalilia kioo. Muvuvi wangu wa zamani, yule wa kibogoyo, akaja na sachet yake, akaweka ile simu ndani, akabonyeza na kidole chenye maji. Hakuna. Akabonyeza tena. Akairudisha juu ya meza polepole sawa mutoto mugonjwa. "Riziki," akasema, "mumeng'oa meno kwa nini?"

Wale wenye waliondoka kwa ajili ya puce mbili hawakurudi. Wale wenye walibaki kwa ajili ya meno wakaondoka. Ndiyo jibu yenu. Ingine yote ni mapambo.

Directeur nilimuona mara ya mwisho akifika sokoni juu ya toleka, baiskeli ya kubeba watu, amekaa nyuma, suruali ameiingiza ndani ya soksi ili munyororo usiile. Alikuwa amekwisha kufukuzwa. Alikuja Kisangani kwa mambo ya famille yake. Akakaa kwenye kiti yangu, Mama Henriette akamuuzia chikwangue.

"Mama Riziki," akasema, "miye nilijua."

"Ulijua nini?"

"Puce mbili. Kila mji nilifika, walinivuta pembeni wakaniambia. Kisha mbele ya watu walisimama, wakasema iko nzuri. Na miye nikirudi Kinshasa, mbele ya wakubwa, nilisema iko nzuri. Na wakubwa, wakiitwa ng'ambo mbele ya wakubwa zaidi..."

"Donc ninyi wote mulikuwa mabokilo," nikasema.

Alicheka mupaka chikwangue ikamupita vibaya, tukamupiga mugongo. Kisha akafuta kinywa. Ile simu, tangu hapa mupaka ng'ambo, kila mutu aliyeishika alijua ugonjwa wake. Ilikufa katikati ya watu wenye adabu.

Miezi michache ikapita, nikafunga meza. Nikakaa nyumbani, nikachagua pondu, nikakemea kuku. Nilifikiri ndiyo basi.

Asubuhi moya Sifa akasimama mulangoni. Peke yake, bila Saidi, bila magoti. Ilikuwa mara ya kwanza aniletee maneno bila mutu kati yetu. "Mama, watu wako mingi, nashindwa. Wengi wanakuja na simu za zamani za kutengeneza, na hakuna mutu anajua batri sawa wewe. Uje."

"Nikae wapi?"

"Na miye. Kwenye meza."

Nikasimama. Nikatafuta viatu.

Akaniweka kwenye kiti ya mbele, kwenye kivuli. Hata sijazungusha batri ya pili, mwanamuke mumoja akasimama, muuza samaki wa kukaushwa na moshi, feza imefungwa kwenye liputa. Aliona simu nyingi, akachanganyikiwa, na sawa vile tunafanyaka hapa, akaacha kijana akamuuliza muzee. "Mama, wewe mukubwa, unambie ukweli. Nikamate gani?"

Sifa akashusha macho. Hata kwenye meza yake mwenyewe, alishusha macho. Mama Henriette akaacha kufunga chikwangue.

Niliziangalia zile simu. Majina yake sikuyajua hata moya.

"Muulize huyu," nikasema, na nikasema kwa sauti ile ile ya zamani, couloir yote isikie. "Yeye ndiye anajua. Miye aliniambia mara tatu, nikakataa kusikia, na nikapoteza meza."

Mwanamuke akaniangalia, akamuangalia Sifa, akarudi kwangu. "Lakini mama, huyu si bokilo yako?"

"Iko bokilo yangu, ndiyo. Na kwa simu ananishinda. Sasa nunua, ao utoke hapo. Unatufungia upepo."